Sauti Iliyo Ndani ya Diski ya Matanga

Katika nyumba nyingi za kisiwa cha Rusinga, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, kwenye droo iliyo chini ya televisheni, kuna diski zilizoandikwa kwa kalamu ya wino mzito: Mazishi ya Baba, siku ya kwanza. Mazishi ya Baba, siku ya pili. Nyingine ni za harusi, nyingine za harambee ya kanisa, nyingine za tamasha la Desemba. Picha zake si za kujivunia. Rangi zimepauka, kamera inatikisika, na mpiga video amekaa muda mrefu mno kwenye nyuso za wageni waheshimiwa. Lakini fumba macho usikilize. Mzee anataja ukoo wake kuanzia babu wa babu. Mama anamlilia nduguye kwa wimbo ambao haujaandikwa popote. Na kwenye baadhi ya diski hizo, kwa dakika mbili au tatu hivi, mtu anazungumza Kisuba.

Hizo dakika mbili ndizo zimenifanya niandike safu hii.

Abasuba ndio wenyeji wa Rusinga na kisiwa jirani cha Mfangano. Masimulizi yao yanasema mababu walivuka ziwa kutoka upande wa Uganda. Leo Rusinga karibu yote inaongea Dholuo. Kisuba, au Olusuba kama wenyewe wanavyokiita, kimejishikilia zaidi Mfangano, ambako kuna Makumbusho ya Amani ya Jamii ya Abasuba na ambako redio ya jamii ilianzishwa kwa jina la Kisuba kabisa, Ekialo Kiona, yaani dunia nzima. Upande wa Rusinga wazee waliokimudu wanaondoka mmoja mmoja, na wakiondoka wanafanyiwa matanga, na matanga yanapigwa video. Kwa hiyo bila mtu yeyote kukusudia, wapiga video wa Mbita na Homa Bay wamekuwa wakirekodi lugha. Hawakuitwa watafiti, wala hawakulipwa kwa kazi hiyo. Kazi yao imo ndani ya diski zinazooza.

Watu wameanza kuzitafuta sauti hizo. Wanaingia kwenye duka la muvi na nyimbo wakiwa na diski mkononi na kusema, "Kijana wangu, nitolee sauti uniwekee kwa flashi." Kijana anaitia diski kwenye kompyuta, anafungua programu ya kubadilisha, anachagua MP3, na baada ya robo saa kazi imekwisha. Mteja analipa na kuondoka akiwa na furaha. Nami nasema, baada ya miaka mingi ya kazi ya sauti, kwamba kazi hiyo kwa kawaida inafanywa vibaya, na ubaya wake hauonekani mpaka siku ambayo diski yenyewe haisomeki tena.

Tuanze na jambo linalowachanganya wengi. DAT, VOB, MP4, MKV: majina haya ni ya kasha, si ya kilichomo. Ndani ya kasha mna mkondo wa picha na mkondo wa sauti, vimefumwa vipande kwa vipande kama nyuzi za wavu ili vifike pamoja kwenye kioo na kwenye spika. Mkondo wa sauti ulikwisha kubanwa siku diski ilipotengenezwa. Ukitaka sauti peke yake, una njia mbili. Ya kwanza ni kuuchopoa mkondo ule ule, biti kwa biti, na kuuweka katika faili lake. Ya pili ni kuufungua, kuusikiliza kwa niaba yako, kisha kuubana upya kwa aina nyingine. Programu nyingi za dukani hufuata njia ya pili bila kuuliza.

Kubana sauti ni kutupa. MP3, AAC na jamaa zao hupima kile ambacho sikio la kawaida halitakikosa sana, kisha hukiondoa. Ukibana kilichokwisha kubanwa, unatupa kwenye mabaki. Mwenye kuanika omena anajua kwamba samaki aliyekwisha kukauka ukimloweka hawi mbichi tena, na ukimwanika mara ya pili anabaki miba. Wala kuongeza ukubwa hakusaidii. Nimeletewa mafaili ya kilobiti 320 kwa sekunde yaliyotengenezwa kutoka kwenye mafaili ya kilobiti 64, na mwenyewe anaamini amepata ubora. Amepata faili kubwa. Maji yakimwagika hayazoleki.

VCD, diski ya video iliyotangulia DVD, ndiyo inayostahili uangalifu mkubwa, kwa sababu ndiyo ya zamani na ndiyo iliyo dhaifu. Kanuni zake zilitoka mwaka 1993. Hapa kwetu ilitawala miaka ya 2000, wakati muziki wa ohangla na benga ulipohama kutoka kwenye kanda kuingia kwenye diski zenye picha. Fungua diski hiyo kwenye kompyuta utaona folda iitwayo MPEGAV, na ndani yake AVSEQ01.DAT na ndugu zake. Humo picha inakwenda kwa kilobiti 1,150 kwa sekunde na sauti kwa kilobiti 224, sampuli 44,100 kila sekunde, kwa aina ya MP2. Piga hesabu: sauti ni kama sehemu moja ya sita ya mzigo. Saa nzima ya sauti hiyo, ikichopolewa bila kuguswa, ni takriban megabaiti 101. Hiyo si gharama ya kumfanya mtu abane zaidi. Kadi ndogo ya simu ya siku hizi inabeba matanga ya kijiji kizima.

Namna ya kuichopoa ni rahisi kuliko kuibadilisha. Programu ya FFmpeg, ambayo ni ya bure na imekuwepo tangu mwaka 2000, hufanya kazi hiyo kwa mstari mmoja:

ffmpeg -i AVSEQ01.DAT -vn -c:a copy sauti.mp2

Alama ya "-vn" inaiambia iache picha. "-c:a copy" inaiambia inakili sauti kama ilivyo, isiibane upya. Kazi ya dakika sitini humalizika kwa sekunde chache, maana hakuna kinachopikwa. Kijana wa dukani akiwa na mstari huu ataokoa muda wake na sauti ya mteja wake kwa pamoja. Kwa nini basi hautumii? Kwa sababu redio ya gari na simu ndogo ya mteja hazichezi MP2, na mteja anataka kusikia leo. Nakubali. Basi mfanyie mafaili mawili: moja lililochopolewa, la kutunza, na jingine la MP3, la kusikilizia shambani. Kosa linaingia pale la kusikilizia linapobaki peke yake.

Udhaifu wa VCD unatoka kwenye namna ilivyojazwa. Diski ya data ya kawaida huweka baiti 2,048 katika kila kipande na kutumia nafasi inayobaki kwa hesabu za kusahihisha makosa. VCD iliitoa sadaka sehemu ya ulinzi huo ili ipate baiti 2,324 za picha na sauti. Ndiyo maana mchubuko ambao diski ya nyaraka ingeustahimili, VCD inaushindwa. Mashine ya sebuleni inaruka na kuendelea. Kompyuta hukataa: unanakili faili, inafika asilimia 70, inasimama, na unaambulia patupu ingawa sehemu kubwa ya sauti ilikuwa nzima. Usijaribu mara kumi kwa njia hiyo hiyo. Tumia programu ya uokoaji inayosoma diski kipande kwa kipande na kuruka palipoharibika, kama IsoBuster kwa VCD au ddrescue kwa DVD, upate nakala nzima ya diski kwanza. Kisha chopoa sauti kutoka kwenye nakala hiyo, na diski uirudishe kwenye mfuko wake.

Hapo niseme juu ya mikono yetu. Watu wanaogopa mikwaruzo ya upande unaong'aa, na wanaweka diski kifudifudi kuulinda. Katika CD na VCD mambo ni kinyume. Upande unaong'aa una plastiki ya unene wa karibu milimita 1.2; mkwaruzo mwepesi hapo husafishika. Tabaka linalorudisha mwanga liko juu, chini tu ya maandishi, likilindwa na rangi nyembamba. Ukikwaruza upande wa maandishi, au ukibandua stika iliyogandia, unaondoa data yenyewe na hakuna wa kuirudisha. DVD imelindwa vizuri zaidi kwa kuwa tabaka lake limebanwa katikati ya plastiki mbili. Unapofuta diski, futa kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka, wala usizungushe. Na diski hizi za kuchomwa kwa kompyuta zina rangi ya kikemikali inayochoka kwa joto, unyevu na jua. Kisiwa kilichozungukwa na ziwa, paa la mabati, dirisha la mchana: kwa hali hiyo sitegemei diski ya mwaka 2005 ivumilie muda mrefu zaidi.

DVD ina mpangilio wake. Kwenye folda ya VIDEO_TS utakuta VTS_01_1.VOB, VTS_01_2.VOB na kuendelea, kila moja ikiwa chini kidogo ya gigabaiti moja. Hizo si nyimbo tofauti wala si siku tofauti za matanga. Ni faili moja refu lililokatwa kwa ukubwa, si kwa maana, na panga hupita popote, hata katikati ya neno. Anayechopoa kila VOB peke yake hupata mruko mdogo kila mahali panapokutana vipande. Viunganishe kwanza kwa mfuatano, uache ile inayoishia na sifuri maana hiyo ni menyu, ndipo uchopoe. Ndani utakuta AC-3 kwa kawaida, wakati mwingine MP2, na mara chache sauti isiyobanwa kabisa, ambayo ni kilobiti 1,536 kwa sekunde. Ukikutana na hiyo ya mwisho, shukuru, na usiiguse. Sampuli za DVD ni 48,000 kwa sekunde, si 44,100, ziache hivyo.

Lakini kabla ya kushughulika na DVD, muulize mpiga video kama bado ana kanda. Wengi wa miaka ile walipiga kwa kamera za MiniDV, na kanda hizo zilihifadhi sauti bila kuibana, sampuli 48,000 za biti 16 kama kamera iliwekwa vizuri. DVD uliyonayo ilitolewa humo na ikabanwa. Nimeona mpiga video akitoa kanda sita kutoka kwenye katoni lililokuwa chini ya kitanda, na kwenye moja sauti ya shangazi wa mteja ilikuwa safi kiasi cha kusikia pumzi kati ya mistari. Kanda hizo huwa zinafutwa kwa kurekodiwa tena juu yake. Uliza mapema.

Jambo jingine ambalo maduka hayaliangalii ni njia mbili za sauti, kushoto na kulia. Katika video ya matanga mara nyingi njia moja imetoka kwenye mikrofoni ya mzungumzaji au kwenye mitambo ya spika, na ya pili ni mikrofoni ya kamera yenyewe, inayosikia upepo, jenereta na watoto. Programu ikiambiwa itoe mono huzichanganya zote mbili nusu kwa nusu, na sauti ya mzee inazama kwenye jenereta. Fungua faili kwenye programu ya Audacity, zitenganishe njia, usikilize kila moja peke yake kwa dakika moja. Ukiona moja ni safi, hiyo ndiyo ya kusikilizia. Ya pili usiitupe: huko nyuma ya jenereta ndiko wanawake wanakoimba, na mara nyingine ndiko bibi anakomjibu mwenzake kwa Kisuba bila kujua kamera inamsikia.

Kwa muziki, hasara ya kubana upya inasikika wazi zaidi. Chukua nyatiti. Mpigaji ana nyuzi nane, lakini pia ana pete ya chuma kwenye kidole cha mguu anayoigonga kwenye mti wa ala, na gara zinazolia kwenye mguu. Mlio wa chuma na wa gara ni mkali, wa ghafla, na wa masafa ya juu. MP3 ya kilobiti 128 kwa kawaida hukata karibu kila kilicho juu ya kilohezi 16, na ya kilobiti 64 hukata chini zaidi ya hapo. Tena mlio wa ghafla hupata ukungu unaotangulia, kana kwamba pigo linasikika kabla halijapigwa. Unachobaki nacho ni nyuzi na sauti ya mwimbaji bila mguu wake. Mtoto wa Rusinga anayejifunza nyatiti kwa faili kama hilo atajifunza nusu ya ala.

Wapo pia wanaochopoa nyimbo kutoka kwenye filamu. Wimbo wa Kothbiro wa Ayub Ogada, ambao ulisikika duniani kupitia filamu ya The Constant Gardener ya mwaka 2005, ni mfano mzuri wa mtego wa kufanya hivyo. Filamu hupigwa kwa picha 24 kila sekunde, na DVD za mfumo wa PAL, unaotumika kwetu, huonyesha picha 25. Ili zilingane, filamu huharakishwa kwa asilimia 4 na zaidi kidogo, na sauti hufuata. Isiposahihishwa, sauti hupanda kwa zaidi kidogo ya theluthi mbili za nusu-toni. Ala ile ile, mtu yule yule, lakini ukikaa na nyatiti yako uifuate, utailaumu mikono yako. Juu ya hayo, maneno ya waigizaji na milio ya filamu imechanganywa na wimbo. Wimbo huo umo kwenye albamu En Mana Kuoyo ya mwaka 1993. Nunua albamu. Matanga yaliyopigwa kwa kamera ya PAL hayana tatizo hili, kwa kuwa yalipigwa kwa picha 25 tangu mwanzo.

Na simu? Video za 3GP za simu za kwanza zilizobeba kamera mara nyingi zina sauti ya AMR: sampuli 8,000 tu kwa sekunde, kilobiti 12.2 kwa ubora wake wa juu. Humo hakuna kitu juu ya kilohezi 4. Herufi kama "s" na "f" hutofautiana hasa juu ya hapo, ndiyo maana kwenye simu unaulizwa urudie jina lako. Mtafiti wa Kisuba atakayesikiliza faili hilo hataweza kuapa alichosikia. Hata hivyo litunze, na ulichopoe vile vile bila kubadili, kwa kuwa ukilibana tena hata kile kidogo kinaondoka. Video iliyopitia kwenye makundi ya simu imebanwa njiani tayari. Mwombe aliyeipiga akupe faili la asili kutoka kwenye simu yake, kwa waya au kwa kadi.

Familia moja iliwahi kuniletea flashi yenye hotuba ya babu yao aliyezikwa miaka ya 2000. Sauti ilikuwa ya kilobiti 48, mono, na sehemu ya wasifu iliyosomwa na mtoto wake ilikuwa imekatwa ili faili liwe fupi. Nikauliza iko wapi diski. Ilitupwa, kwa sababu "sauti tulishaitoa". Katika hotuba hiyo kuna jina la kilima na jina la samaki ambayo hakuna aliye hai katika ukoo ule anayeweza kuyasema tena kwa uhakika, na mimi baada ya kusikiliza mara nyingi sijui kama herufi ya pili ya jina mojawapo ni "s" au "f". Tuliliandika kwa namna zote mbili. Hilo lingeepukika kwa mstari mmoja wa amri na megabaiti mia.

Kuhusu haki, sitasema mengi. Diski ya msanii wa benga au ohangla ni mali yake. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamlinda, na diski iliyofungwa kwa kufuli la kidijitali haifai kufunguliwa kwa nguvu. Diski ya matanga haina kufuli, lakini ina watu. Maombolezo ya mjane hayawi mali ya umma kwa sababu tu umeweza kuyachopoa. Waulize wenye msiba kabla ya kuyapeleka redioni au kwenye mtandao, na majina ya waliozungumza yaandikwe kwa ruhusa yao au ya watoto wao.

Na majina ndiyo yanayosahaulika kuliko yote. Faili liitwalo sauti1.mp3 ni kaburi lisilo na jina. Andika tarehe, kijiji, aliyezungumza, lugha aliyoitumia, na dakika ambayo lugha ilibadilika. Andika pia ilitoka kwenye diski gani na kwa njia gani. Weka nakala tatu, moja iwe nje ya kisiwa.

Kwa hiyo nakuomba wewe mwenye diski, Rusinga, Mfangano, Mbita, au uliyehamia Nairobi na mfuko wa diski za nyumbani: wiki hii zitoe kwenye droo. Anza na zile ambazo mzungumzaji alizaliwa kabla ya uhuru. Nakili diski nzima, chopoa sauti bila kuibana, kaa na mtu mzima wa ukoo aisikilize akutajie majina. Tamasha la Desemba likija, watu wakirudi nyumbani, ziwe tayari kwenye meza.